Taiga babi na majirani zake: jinsi ya kuchagua samaki wa kukaa nao bila mapezi kunyofolewa

Watu wengi wanamchukua taiga babi (tiger barb, samaki wa kufugwa kwenye tangi la kioo) kwa ajili ya rangi, ule uchungwa wake na mistari minne myeusi iliyosimama wima, afu baada ya wiki mbili ndo wanaanza kuuliza mbona gapi wao (guppy, samaki mdogo mwenye mkia mpana) hana mkia. Hapo samaki hajabadilika tabia, ndo alivyo tangu siku ya kwanza, ni vile tu dukani alikuwa amebanana na wenzake kibao hana muda na mtu mwingine. Umemtoa pale ukamleta nyumbani na wenzake wawili, ukamuweka na samaki wenye mikia mirefu wanaoelea taratibu, sasa ulitegemea afanye nini?

Ukiuliza taiga babi akae na nani, utapewa orodha ya majina. Orodha ipo, na mi nitakupa ya kwangu huko chini, ila orodha peke yake haikusaidii kitu, kwa sababu koridora (kambare wadogo wa sakafuni) wale wale wanaoishi kwa amani kwenye tangi la mwenzako wanaweza kudonolewa mpaka wakajificha kwenye tangi lako, na tofauti ikawa ni idadi ya taiga tu. Kwa hiyo twende kwa mpangilio: kundi kwanza, tangi, maji, halafu ndo majirani. Ukiruka hapo mwanzo, huko mwisho utakuwa unabahatisha.

Na kama samaki wako siyo taiga babi bali ni serpe tetra (Hyphessobrycon eques) au tetra sketi nyeusi (Gymnocorymbus ternetzi), soma tu, hao nao ni wadonoaji wa makundi na karibu kila kitu humu kinawahusu, badilisha tu ukubwa wa tangi kwa serpe, maana yeye ni mdogo kidogo.

Hatua ya 1: Jua kwanini anadonoa

Taiga babi, Puntigrus tetrazona kitaalamu (kwenye maandishi ya zamani utamkuta kama Puntius au Barbus, usichanganyikiwe, ni huyo huyo), asili yake ni Sumatra, Indonesia. Ni samaki wa kundi, na ndani ya kundi kuna vyeo. Nani mkubwa, nani mdogo, nani anakula kwanza, hivyo vitu vinapangwa upya kila siku kwa kukimbizana. Ukikaa karibu na kioo utawaona madume wawili wanajipanga ubavu kwa ubavu, mapezi yamesimama yote, vichwa vimeinama kidogo, wanazungukana wanasukumana kwa sekunde kadhaa afu mmoja anachomoka mbio na mwingine anamfukuza nusu tangi, halafu yameisha, kila mtu anaendelea na shughuli zake. Yule mwenye pua nyekundu iliyokolea mara nyingi ndo dume, na likiwa limechangamka pua inazidi kuwaka. Mtu mgeni anaona vita lakini ukiwachunguza baadaye hawana hata kidonda.

Sasa hizo fujo lazima ziende mahali. Wakiwa kumi na mbili zinagawanyika, kila mmoja anapata kidogo na anatoa kidogo. Wakiwa watatu, mmoja ndo anabeba mzigo wote mpaka anakonda, na huyo akishaisha au akishajificha, macho yanahamia kwa jirani.

Kitu cha pili ni kwamba huyu samaki anachunguza dunia kwa mdomo. Chochote kinachoning'inia na kutikisika polepole kwake ni kitu cha kuonja, uwe mkia wa beta (samaki mpiganaji wa mapezi marefu), uwe zile nyuzi mbili za tumboni za samaki anayeitwa gurami, uwe pembe za konokono. Hana chuki na mtu, anajaribu kama kinaliwa. Ndo maana huwezi kumfundisha aache, unachoweza ni kutomuwekea kitu cha kuonja mbele yake.

Njaa na kubanana vinaongeza moto lakini siyo chanzo. Utasikia watu wanasema mlishe ashibe ataacha. Atapunguza, hataacha.

Hatua ya 2: Jaza kundi kabla hujafikiria jirani yeyote

Nane ndo kiwango cha chini. Kumi mpaka kumi na mbili ndo pazuri, na kama tangi linaruhusu zaidi ya hapo, zidisha. Sita utaona sehemu nyingi wanaandika inatosha, mi sikubaliani, sita inatosha kwa tangi la taiga peke yao lakini ukishaongeza jirani unataka kundi ambalo lina shughuli zake za ndani muda wote.

Wachukue pamoja, wakiwa bado wadogo, ukubwa unaofanana. Ukiwa unaongeza wawili leo na wawili mwezi ujao, kila wageni wakiingia wanakuta vyeo vimeshapangwa na wanapokelewa kwa mateke. Kama ni lazima uongeze, ongeza wanne watano kwa mkupuo ili kipigo kigawanyike.

Majike wakizidi madume kidogo kundi linatulia. Jike ni mnene tumboni, dume ni mwembamba na amekolea rangi. Wakiwa wadogo ni vigumu kuwatofautisha kwa hiyo usijitese sana dukani, chukua kumi halafu hesabu za asili zitajipanga zenyewe.

Kuna kitu hapa watu wengi hawakijui na kingewaokoa mambo mengi: taiga wa kijani na taiga albino ni samaki yule yule, spishi moja, wanatembea kundi moja. Kwa hiyo wanne wa kawaida, wanne wa kijani na wanne albino ni kundi kamili la kumi na mbili, na ukiwatazama tangi linaonekana lina samaki wa aina tatu. Ukiniuliza jirani bora kabisa wa taiga babi ni nani nitakujibu ni taiga babi wa rangi nyingine. Lakini babi wa spishi nyingine hahesabiki humo, rosi babi watano na taiga watano siyo kundi la kumi, ni makundi mawili ambayo hayajatimia.

Hatua ya 3: Tangi, angalia urefu kabla ya lita

Taiga anafika sm 6 hadi 7 na ni mkimbiaji. Tangi refu la kwenda juu lenye lita nyingi halimsaidii, anataka sakafu ndefu ya kukimbia na kukimbizana. Sm 80 urefu ni chini kabisa, kwa kundi la taiga bila wageni wengi. Kama unataka majirani wa maana anzia sm 90 hadi 100, na ukipata sm 120 ndo utaanza kuwa na uchaguzi wa kweli. Kupata lita zidisha urefu, upana na kimo kwa sentimita afu gawanya kwa 1000, mfano 120 mara 40 mara 50 inakuja lita 240, toa kidogo kwa ajili ya mchanga na mawe na ile nafasi ya juu usiyoijaza.

Ndani weka vizuizi vya kukata macho. Kisiki kikubwa, mawe yaliyopangwa, mimea mirefu nyuma na pembeni, katikati acha wazi. Kazi ya kizuizi ni kwamba anayefukuzwa akipita nyuma ya kisiki anapotea machoni na mfukuzaji anasahau. Tangi tupu lenye kokoto tu na kitu kimoja cha plastiki katikati halina pa kupotelea, kukimbizana kunageuka mateso. Mimea chagua migumu kama java feni, anubiasi na valisneria, ile laini wanaitafuna.

Kifuniko ni lazima, hasa ukienda kuchukua samaki kama danio au lochi, hao wanaruka na wanapenya.

Hatua ya 4: Maji

Hii fupi. Joto 23 hadi 26, pH 6 hadi 7.5, maji laini au ya wastani. Amonia sifuri, nitriti sifuri, nitrati usiiache ipande sana, chini ya 40 mg/l ni sawa. Badilisha asilimia 25 hadi 30 kila wiki. Tangi jipya lizungushe kwanza, yaani liache lifanye kazi bila samaki mpaka bakteria wakae, ndo ulete samaki, usilete kumi na mbili siku moja kwenye maji mabichi.

Faida ya kuandika hizo namba ni kwamba jirani unayemfikiria lazima aingie humo humo. Goldfishi anataka maji ya baridi zaidi, diskasi anataka 28 na kuendelea, kwa hiyo hao wameshatoka kwenye mchujo hata kabla hujafika kwenye mambo ya mapezi.

Hatua ya 5: Mpitishe kila samaki kwenye maswali haya

Hapa ndo penyewe. Ukisimama mbele ya samaki dukani na hujui jina lake wala sifa zake, bado unaweza kupata jibu karibu la uhakika kwa kumwangalia tu.

Ana kitu kinachoning'inia? Mkia wa shela, pezi la mgongoni linalofuata nyuma, nyuzi za tumboni, chochote. Kama ndiyo, acha. Hili swali halina msamaha, hata kama samaki ni mkubwa, hata kama muuzaji anasema hawa walikaa pamoja dukani. Mfano mzuri ni kongo tetra (Phenacogrammus interruptus), samaki mzuri sana, ana kasi, ana mwili wa kutosha, kila kitu kinakubali, ila dume lina mapezi marefu yenye ncha za kupepea, na taiga anaanzia hapo hapo kwenye ncha.

Anaogelea vipi? Angalia dakika tano. Anayeelea sehemu moja, anayegeuka polepole, huyo ni windo. Anayeenda mbele muda wote na akishtuliwa anapotea kama mshale, huyo taiga atamfukuza mara moja mbili afu atachoka.

Ukubwa wake akishakomaa? Usiangalie alivyo leo. Mdogo sana, wa sm 3 au 4 kama neon, anaonewa na mara nyingine anamezwa. Mkubwa sana anageuza meza, taiga ndo anakuwa chakula. Kati ya sm 5 na 15 ndo eneo salama, na mwili uwe mnene kiasi.

Anaishi tabaka gani? Taiga wanatawala katikati. Anayeishi chini kabisa au anayekaa juu juu wanagongana naye mara chache.

Anakulaje? Taiga ni wapesi na walafi, chakula kikigusa maji tu wameshafika. Samaki mwoga wa kula, anayesubiri wenzake wamalize, hataguswa mapezi lakini atakufa njaa taratibu na wewe utafikiri ni ugonjwa.

Na je, yeye mwenyewe anahitaji kundi? Watu wanasahau hili. Wanaleta danio wawili, danio wawili ni waoga, wanajibana kona, na mwoga anavutia kufukuzwa. Jirani wa kundi njoo naye sita au zaidi au usije naye.

Hatua ya 6: Wanaofaa

Juu na katikati, nianze na danio. Pundamilia danio (Danio rerio) ni mdogo, sm 4 hadi 5 hivi, na kwa lile swali la ukubwa angekuwa mpakani, lakini kasi yake inamwokoa, taiga hawamfikii. Chagua wa mkia mfupi, maana kuna danio waliozalishwa kwa mapezi marefu na hao wamepoteza ile kinga yao yote. Hita usiipandishe sana, yeye anapenda 25 kushuka chini. Kama tangi ni la sm 120, danio mkubwa (Devario aequipinnatus) ni bora zaidi, anafika sm 10, mwili una nguvu, haonewi na mtu.

Reinbo wa Australia na Papua nao ni majirani wazuri sana na nashangaa hawatajwi inavyostahili. Reinbo wa Boeseman (Melanotaenia boesemani), nusu buluu nusu chungwa, anapita sm 10 na anaogelea muda wote. Yeye anapenda pH ya 7 kwenda juu kwa hiyo mkutane kwenye 7 hadi 7.5. Kama nafasi ni ndogo kuna reinbo neon (Melanotaenia praecox) mwenye mwili wa fedha ya buluu na mapezi mekundu, huyu anaishia sm 6 hadi 8.

Ndugu zake wa ukoo wa babi: rosi babi ni mgumu na mwepesi, ila anapenda ubaridi kidogo kwa hiyo kaa kwenye 23 au 24. Babi rubi (Pethia nigrofasciata) wa Sri Lanka, dume likichangamka linaenda wekundu wa damu ya mzee, na joto lake linakubaliana. Denisoni (Sahyadria denisonii) wa mito ya kusini mwa India ni wa watu wenye matangi marefu, anafika sm 15, anataka maji yenye hewa nyingi na wenzake sita, kwa hiyo chini ya sm 120 usimguse, na 120 yenyewe ni mwanzo tu.

Chini, lochi. Watu wote watakuambia klauni lochi (Chromobotia macracanthus), na ni kweli wanapatana na taiga kuliko karibu samaki yeyote, nao wanapatikana Sumatra, na utakuta taiga na klauni wadogo wanatembea pamoja. Tatizo ni kwamba yule wa sm 5 unayemuona dukani anakuja kufika sm 20 na kupita, anaishi miaka 20 na zaidi, anataka wenzake watano na tangi la karibu mita mbili. Ni mwepesi pia kushika ugonjwa wa madoa meupe na dawa zinamsumbua kuliko wengine. Kama huna tangi hilo, nenda kwa yoyo lochi (Botia almorhae), anakaa chini ya sm 15, mtundu, hana mapezi ya kunyofolewa, na taiga akimjia anajibu. Kuli lochi, wale wembamba kama nyoka, nao salama kwa sababu mchana hawapo, wamejichimbia, ila watupie chakula cha kuzama taa zikishazimwa, la sivyo hawaambulii.

Pleko, chukua yule wa ndevu (Ancistrus), sm 12 hadi 15, amevaa magamba magumu mwili mzima. Pleko wa kawaida anayeuzwa mdogo usimchukue, anakuwa jitu. Mla mwani wa Siam (Crossocheilus) naye yumo, ana kasi na anafanya kazi.

Sharki mkia mwekundu (Epalzeorhynchos bicolor), ambaye wala siyo papa hata kidogo bali ni ndugu wa hao hao babi, anaweza kukaa na taiga vizuri akiwa mmoja tu, na pango lake, kwenye tangi la sm 120. Wawili watauana. Na ukishamuweka yeye, usiongeze lochi wengi, atawasumbua kwa sababu wote wanadai sakafu.

Hatua ya 7: Hawa usijaribu

Beta, gapi wa mkia mpana, enjeli, gurami wa aina zote zenye nyuzi, diskasi, goldfishi wa shela. Halafu na samaki yeyote aliyezalishwa kwa mapezi marefu, hata kama ndugu yake wa kawaida yupo kwenye orodha ya juu.

Gurami nimsemee kidogo. Zile nyuzi mbili za tumboni ni mapezi yaliyogeuka kuwa viungo vya kugusia na kuonjea, anatembea anapapasa nazo mbele yake. Taiga akizinyofoa anakuwa amemkata mikono. Gurami aliyekatwa nyuzi anakaa kona ya juu, rangi inafifia, hali, na mwenye tangi ananunua dawa ya fangasi.

Enjeli watu wanabishana. Wapo wanaosema nina enjeli wakubwa na taiga na hamna shida. Sawa, ila enjeli ana nyuzi chini, ana pezi refu juu, anaelea polepole, na usiku anasimama tuli. Ameshindwa maswali mawili kwa mpigo. Kama kwako imekubali hongera, kwa anayeanza mi simshauri.

Uduvi na kamba wadogo ni vitafunwa. Konokono wakubwa wenye pembe ndefu wanadonolewa pembe kila wakizitoa, mwisho wanajifungia ndani hawatembei. Konokono aina ya nerite anavumilia zaidi, anatembea amefunikwa na ganda lake.

Na kuna huu ushauri wa kutafuta sikilidi (cichlid, samaki wa ukoo wa sato) mbabe awanyooshe. Achana nao. Mbabe wa kuwatisha taiga kumi na mbili ni mkubwa wa kutosha kuwala.

Hatua ya 8: Wa mpakani

Koridora wanakubali kwa wengi, mi mwenyewe nawaweka upande wa ndiyo ila kwa masharti: sita kwenda juu, kundi la taiga limetimia, mchanga laini chini, na chakula chao cha kuzama. Chagua wa kustahimili joto kama sterbai, siyo koridora wa pilipili anayependa ubaridi. Ukiona pezi la mgongoni la koridora limeanza kupungua juu, kundi lako la taiga halitoshi.

Cheri babi (Puntius titteya) wanawekwa kwenye orodha za wanaofaa kila mahali kwa sababu jina ni babi. Ni mpole, ni mwoga, anakaa kwenye majani. Kwenye tangi kubwa lenye mimea mingi ataishi, ila hutamuona, na rangi ya dume haitawaka. Anastahili tangi lake.

Hatua ya 9: Namna ya kuwaingiza

Majirani waingie kwanza, taiga waingie mwisho. Ukigeuza, taiga wanakuwa wameshajimilikisha tangi na kila mgeni ni wa kufukuzwa.

Kila anayenunuliwa apite karantini wiki mbili hadi nne kwenye tangi dogo la pembeni, hasa lochi. Halafu siku ya kuingia lisha waliomo kwanza, zima taa, sogeza visiki na mawe yabadilike mahali, ndo uwaingize wageni, na taa iache imezimwa mpaka kesho yake. Kama taiga tayari walikuwemo na unaleta jirani sasa hivi, hiyo kusogeza mapambo ndo silaha yako kubwa, kwa sababu mipaka yote inafutika na kila mtu anaanza upya.

Usiku huo huo au kesho asubuhi ukiwakuta taiga wamesimama vichwa chini mikia juu, usikimbilie dawa. Ndivyo wanavyopumzika. Wasiwasi uanze kama wanakaa hivyo mchana kutwa na chakula hawakigusi.

Hatua ya 10: Soma mapezi, siyo kukimbizana

Wiki mbili tatu za kwanza utaona mbio nyingi. Mbio siyo kipimo. Kipimo ni mapezi ya majirani, kwa hiyo kila ukilisha, wakati wote wamekuja mbele, pitisha macho ncha za mikia moja moja.

Pezi lililodonolewa lina kipande kimetoka, kama mwezi mchanga hivi, na ukingo wake ni msafi, rangi ya pezi inaendelea mpaka mwisho. Pezi linalooza lina ukingo uliochakaa wenye weupe au weusi au wekundu, na linarudi nyuma kila siku. Ya kwanza ni ya jirani mbaya, ya pili ni ya maji machafu na bakteria, ingawa ya kwanza ukiizembea inazaa ya pili. Ukitibu kwa dawa samaki anayedonolewa unapoteza muda, na ukimhamisha samaki anayeoza bila kurekebisha maji vile vile.

Ukikuta kipande kimetoka mara moja kwa samaki mmoja, andika pembeni uendelee kuangalia. Ukikuta kwa samaki wawili, au yule yule tena, hapo ndo pa kuziba ufa. Kwanza hesabu taiga, wakiwa chini ya nane jibu unalo, ongeza. Wakiwa wengi na bado, kaa mbele ya tangi nusu saa umtafute mhusika, maana mara nyingi ni mmoja au wawili tu, siyo kundi zima. Mtoe huyo, muweke tangi la pembeni kwa wiki moja au mbili, ukimrudisha anakuta cheo chake kimeshachukuliwa na anaanza upya chini. Akirudia, mrudishe dukani au mpe mtu mwenye tangi la taiga watupu. Aliyeumia naye mtoe apone kwenye maji safi, pezi linaota tena kwa wiki kadhaa ilimradi shina lake halijaguswa.

Chakula kigawe mara mbili kwa siku, kidogo kidogo, na usimwage sehemu moja. Tupa flekisi (chakula cha vipande vyembamba vinavyoelea) upande mmoja taiga wakimbilie huko, halafu upande wa pili uwape wengine, na chembe za kuzama usiku. Wanakula karibu kila kitu kwa hiyo changanya, dafnia, minyoo damu iliyogandishwa, na mboga za majani zilizochemshwa kidogo, majani yakikosekana wanahamia kwenye mimea yako.

Halafu kuna kitu kinakuja baada ya miaka. Taiga wanaishi miaka 5 hadi 7 hivi, na kundi lako la kumi na mbili halitaisha siku moja, litapungua mmoja mmoja. Tangi lililokuwa na amani muda wote ghafla linaanza kuwa na mikia iliyokatwa na mwenye nalo anatafuta ugonjwa, kumbe wamebaki watano. Ukifika tisa, anza karantini ya wapya wanne.